Watoto Wake Hukulia Wapi? Somo Nililolipata kwa Kufuga Uduvi Nyumbani



Wengi mkifika nyumbani kwangu mnacheka mkiona tangi la kioo pale ambapo wenzangu huweka televisheni. Mnainama, mnatazama, kisha mnauliza: "Bwana samaki, hawa wadogo hivi unawala vipi?" Siwali. Ni uduvi wa maji baridi, wekundu, urefu wao sentimita mbili mpaka tatu, na shemeji yangu aliniletea kutoka kwa muuza samaki wa mapambo Dar es Salaam.

Mmeniuliza mara nyingi namna ya kuwafuga na kuwazalisha, na leo nitaeleza hatua kwa hatua. Lakini nitaeleza pia kosa nililolifanya kwa sababu ya tangi hilo hilo, kosa ambalo akina mama kumi na wanne walililipia kwa fedha zao. Tafadhali usisome hatua ukaliruka kosa. Hatua zitakusaidia kupata uduvi. Kosa litakusaidia kutopoteza mtaji.

Kuandaa tangi

Sikuanza na vitu vya gharama. Fundi vioo wa Kibiti alinikatia vioo na kuviunganisha kwa silikoni, nikapata tangi la lita 40. Kama huna kioo, beseni kubwa jeupe linafaa, au ndoo ya lita 20. Tofauti ni kwamba utawaona kwa juu tu.

Chini niliweka mchanga wa mtoni, kimo cha vidole viwili, baada ya kuuosha mpaka maji yakatoka safi. Nikapanda majani ya majini, kisha nikaweka jani kavu la mkungu. Msishangae kuhusu mkungu. Wafugaji wa uduvi wa nchi za mbali hununua majani hayo kwa fedha, na sisi huku pwani tunayafagia na kuyachoma. Jani likianza kuoza taratibu huota utando laini, na utando huo uduvi huukwangua mchana kutwa. Ndicho chakula chao kikuu.

Baada ya hapo, subiri. Jaza maji na ukae wiki tatu au nne bila kuweka uduvi hata mmoja. Kinyesi chao na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu kwao. Bakteria wanaoibadilisha sumu hiyo wanahitaji muda wa kuzaliana kwenye mchanga, kwenye majani na kwenye sponji ya chujio. Anayeweka uduvi siku ya kwanza huwazika wiki ya pili.

Mimi natumia pampu ndogo ya hewa yenye chujio la sponji. Umeme ukikatika siku nzima siogopi, maana uduvi wangu si wengi na majani ni mengi. Anayepaswa kuogopa ni yule aliyejaza uduvi kama dagaa kwenye kopo.

Joto nalo ni la kuangalia. Uduvi hawa wanapenda nyuzi 22 mpaka 28 za sentigredi. Nyumba ya bati isiyo na dari hupita hapo mchana wa jua kali, na maji yakipata joto yanabaki na hewa kidogo. Weka tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua, na siku za joto livishe kitambaa kibichi kwa nje.

Sumu zilizomo nyumbani mwetu

Kundi langu la kwanza lilikuwa uduvi kumi na wawili. Walikufa wote kwa usiku mmoja.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba uduvi huruka nje ya tangi, kwa hiyo nikakata kipande cha chandarua chakavu nikafunika. Upande mmoja ukalegea, ukagusa maji. Asubuhi wote walikuwa wamelala ubavu. Vyandarua vyetu vina dawa ya kuua mbu, na uduvi ni jamaa wa wadudu: kinachomuua mbu kinamuua na yeye, tena kwa kiasi kidogo sana.

Tangu siku hiyo nina orodha, na ninaomba uiandike. Usitumie chandarua chenye dawa kuchotea wala kufunikia. Usipulize dawa ya mbu chumba chenye tangi. Usitumie ndoo au dumu lililowahi kubeba dawa ya mikorosho au ya pamba, hata ukiliosha mara kumi. Jihadhari na dawa za ukungu zenye shaba, zile tunazopulizia nyanya, maana shaba ni adui mkubwa wa uduvi. Usitumie maji uliyoyatia dawa ya kunywa. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia.

Nawe unayepulizia mikorosho kuanzia mwezi wa sita, kumbuka kwamba bomba unalolisuuza kwenye dimbwi linafanya pale bondeni kile ambacho chandarua changu kilifanya mezani. Tofauti ni kwamba pale hakuna anayekuja asubuhi kuhesabu waliokufa.

Kulisha na kuzalisha

Kundi la pili lilipona. Kazi ya kila siku ni ndogo. Lisha mara mbili au tatu kwa wiki, kipande cha jani la mchicha uliochemshwa kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kikibaki mpaka kesho yake kitoe, kwa sababu chakula kinachooza kinaua kuliko njaa. Kila wiki badilisha maji kidogo, kama sehemu moja ya tano, na maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani.

Utakuta ganda tupu limelala chini na utadhani mmoja amekufa. Hajafa, amejivua. Uduvi hukua kwa kuacha ganda la zamani na kutoka na jipya laini, na siku hiyo hujificha kwenye majani. Liache ganda hapo hapo, wenzake watalila na kupata chokaa.

Jike aliyekomaa utamwona ana rangi kama tandiko nyuma ya kichwa. Ni mayai yakiwa bado ndani. Baada ya kujivua na kupandwa, mayai hushuka chini ya mkia, na utamwona akiyapepea kwa miguu yake midogo. Uduvi hawa wekundu hubeba mayai ishirini, thelathini, na makubwa kwa kulinganisha na mwili wao. Baada ya wiki tatu hivi watoto hutoka. Nao hutoka wakiwa uduvi kamili, wadogo kama kichwa cha pini, wanatembea kwenye majani kama mama zao.

Usiwaweke pamoja na samaki, maana watoto wote wataliwa. Na usiwamwage mtoni unapochoka nao. Asili yao ni China na Taiwan, mto wetu una wenyewe.

Baada ya miezi minne nilikuwa na uduvi zaidi ya mia moja kwenye lita 40. Hapo ndipo nilipopata kiburi.

Kosa langu

Kikundi kimoja cha akina mama wanaouza dagaa na uduvi wakavu walikuja nyumbani kwangu kuhusu jambo jingine kabisa. Wakaona tangi. Wakaona watoto. Mmoja akauliza: "Kumbe wanazaa kwenye maji ya kisima?" Nikajibu ndiyo, tena wanazaa sana. Akauliza tena: "Na kamba wa mtoni, wale wenye mikono mirefu, nao watazaa bwawani?"

Siku chache kabla nilikuwa nimemweka kwenye beseni kamba jike wa mtoni, na chini ya mkia alikuwa amejaa mayai. Niliwaonyesha. Nikasema, "Mayai hayo hapo. Kamba ni kamba."

Kwa maneno hayo mawili kila mmoja akatoa shilingi 20,000. Jumla 280,000. Waliwalipa vijana wakachimba bwawa bondeni, mita kumi kwa kumi na tano, na zilizobaki wakanunulia kamba hai kutoka kwa wavuvi, kamba mia tano hivi, majike mengi yakiwa na mayai. Mpango ulikuwa rahisi: wakae miezi sita, wazaliane, wavue wakubwa na kuwaacha wadogo, kama mimi nilivyofanya mezani.

Baada ya miezi sita tulipunguza maji tukavua. Tulipata kamba arobaini na mmoja. Walikuwa wakubwa, wale wale tuliowaweka. Mdogo hata mmoja hakuwepo.

Watu walisema mengi. Wengine walisema kenge amekula, wengine wizi, wengine husuda. Mimi nilikuwa naanza kusema habari ya chakula kutotosha, ndipo mkubwa wao, bibi ambaye huwa haongei sana, akanikatiza. "Mwanangu, mayai tuliyaona na sisi. Watoto walikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Miongoni mwao alikuwepo mama aliyetoa fedha za sare ya mwanawe aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza, kwa kuwa aliambiwa na mtu wa serikali kwamba zitarudi mara mbili. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Jibu la swali la bibi

Nilirudi nyumbani nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya bwawa. Nilimchukua kamba jike wa mtoni mwenye mayai nikamweka peke yake kwenye ndoo ya maji ya kisima. Nikayatazama mayai vizuri. Hayakuwa ishirini wala thelathini. Yalikuwa mamia kwa mamia, madogo kama vumbi la ulezi.

Yalipoanguliwa sikuona kamba. Niliona vijidoa vinavyoelea kichwa chini mkia juu, vikivutwa na mwanga wa tochi. Siku ya tatu vilikuwa vimepungua. Siku ya tano hakikuwepo hata kimoja. Mama yao alikuwa mzima, anakula.

Nikamtafuta jike mwingine. Safari hii nilichanganya kipimo kimoja cha maji ya bahari na vipimo viwili vya maji ya kisima. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo mchanganyiko huo unabaki na gramu 12 hivi. Nikawalisha yai lililochemshwa na kupitishwa kwenye kitambaa safi, kidogo sana, mara kadhaa kwa siku. Siku ya tano walikuwa hai. Siku ya kumi walikuwa hai ingawa wamepungua. Baada ya mwezi, tisa walikuwa wameacha kuelea, wametua chini, na sasa wanafanana na kamba. Kutoka mamia, tisa.

Basi jibu la swali la bibi ndilo hilo. Kamba wengi wa mtoni wenye mikono mirefu huishi maji baridi wakiwa wakubwa, lakini watoto wao wachanga wanahitaji chumvi. Jike huteremka na mto kuelekea deltani, au mkondo huwabeba watoto mpaka maji yanapochanganyika na bahari. Huko hukua kwa wiki kadhaa, kisha huanza kupanda mto wenyewe. Bwawa letu lilikuwa limefunga mlango wa kwenda na mlango wa kurudi.

Haikuwa siri ya Rufiji peke yake. Kamba mkubwa wa maji baridi anayefugwa Asia, ambaye wataalamu humwita Macrobrachium rosenbergii, naye yuko hivyo hivyo. Aliwashinda wafugaji mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambapo mtaalamu Shao-Wen Ling, akiwa Malaysia, aligundua kwamba watoto wake wanahitaji chumvi kidogo. Ufugaji wake wa kisasa ulianzia hapo. Leo wanaomfuga huwa na nyumba maalumu ya kutotoleshea yenye maji ya chumvi, na mwenye bwawa hununua watoto waliokwisha kutua chini. Sisi tulitaka bwawa lifanye kazi ya nyumba hiyo.

Mmoja na mwingine si sawa

Tazama sasa jinsi viumbe wanaofanana wanavyotofautiana.

Uduvi wangu wekundu huzaa na kukua kwenye maji baridi tangu yai mpaka uzee. Uduvi wa Ziwa Victoria, Caridina nilotica, ambaye wenzetu wa Kenya humwita ochonga na kumtumia kwenye chakula cha mifugo na samaki, huishi maisha yake yote ziwani pasipo bahari. Lakini yupo uduvi wa Japani, Caridina multidentata, anayependwa sana na wenye matangi. Ataishi miaka kwenye maji baridi, atabeba mayai, na watoto wake watakufa wote wasipopata maji ya chumvi. Kwa hiyo udogo wa mwili haukuambii kitu.

Kamba wa baharini tunaowavua deltani nao wamegeuza njia. Hutaga baharini, na watoto huingia kwenye mikoko kukua, kisha hurudi baharini wakubwa. Mikoko ya delta yetu, zaidi ya hekta 50,000, ndiyo chumba chao cha malezi. Wazee mnakumbuka mradi wa shamba kubwa la kamba uliopangwa deltani, takriban hekta 10,000, ambao serikali iliuridhia mwaka 1997 na wananchi wengi wakaupinga. Haukutekelezwa. Moja ya hoja kubwa za waliopinga ilikuwa mikoko, na wavuvi hawakuhitaji darasa kuielewa: ukikata chumba cha malezi, hata waliopo baharini watakwisha.

Maswali matatu kabla ya kutoa fedha

La kwanza: watoto wake hukulia wapi? Anayekuuzia mbegu ya kamba, samaki au kuku, muulize hilo. Mayai chini ya mkia si ushahidi. Kuku wa kisasa wa mayai naye anataga, lakini ukimngoja alalie utangoja mpaka azeeke.

La pili: mayai yakoje? Kwa kamba na uduvi, mayai machache makubwa mara nyingi ni dalili kwamba watoto hutoka wakiwa kamili na wanaweza kukua hapo hapo. Mayai mamia na madogo kama vumbi ni dalili kwamba watoto wataelea, na huenda watahitaji chumvi. Ni dalili tu, ndiyo maana kuna swali la tatu.

La tatu: umeshawaona watoto wa kiumbe huyo huyo, kwenye maji hayo hayo, wakifika umri wa kuuzwa? Kama hujawaona, anza na beseni. Beseni, majani, jani la mkungu na miezi mitatu ya kutazama. Kamba wawili wakifa kwenye beseni umepoteza kitoweo. Wakifa bwawani umepoteza sare ya mtoto.

Kuhusu biashara ya uduvi wa mapambo, nitakuambia ukweli. Wanunuzi wako mjini na ni wachache. Ukiwafuga, wafuge kwa kujifunza na kwa furaha ya watoto nyumbani. Usikope kwa ajili yao.

Bwawa sasa

Niliwaita akina mama wale nyumbani nikawaonyesha ndoo mbili, ya maji ya kisima na ya maji yenye chumvi. Nikawaambia kosa ni langu, si la kenge. Mama wa sare alitazama wale tisa kwa muda mrefu, akasema, "Ungeanza na ndoo, bwana samaki." Nikasema ndiyo.

Ile ya sare niliilipa mwenyewe mwezi uleule. Fedha za wengine sikuweza kuzirudisha zote, ila nilinunua vifaranga vya perege kwa mshahara wangu, na safari hii tuliviweka kwanza vichache kwenye kona ya bwawa iliyozungushiwa wavu, wiki sita, kabla ya kujaza bwawa lote. Perege anazaa na kulea watoto wake mdomoni, kwenye maji yale yale. Hilo tumeliona kwa macho. Mavuno ya kwanza yalirudisha karibu nusu ya michango, na bwawa lingali linafanya kazi.

Yule bibi sasa kila nikifika bondeni na wazo jipya, iwe ufuta, nyuki au bata, ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiuliza swali moja tu: "Kwenye ndoo umeshaona?"

Nawe ukiniona nimekuja kijijini kwako na ushauri, niulize hivyo hivyo. Sitakasirika.